TUSOME MAISHA YA VIONGOZI, NA YETU TUYAANDIKE

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Tunduma, Mkoa wa Songwe)



Tunawashukuru kwa kuja. Tunajua leo ni siku ya kazi. Wengine mmeacha kahawa juani. Wengine mmefunga vibanda vyenu sokoni. Hatutawaweka sana.

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbolea, wala juu ya choo bora. Leo tunazungumza juu ya vitabu. Tena vitabu vinene. Ni vitabu vya maisha ya viongozi wa siasa.

Tunaona wengine mmeanza kuguna. "Siasa tena!" Ngojeni kidogo, jamani. Kwanza tuwasimulie habari moja ya kweli, iliyotokea hapa jirani.

MGENI ALIYEFIKA MBEYA

Ilikuwa Januari mwaka 1962. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwezi mmoja tu uliopita, tarehe 9 Desemba 1961. Siku hizo hakukuwa na Mkoa wa Songwe. Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2016, na kabla ya hapo tulikuwa tunahesabiwa watu wa Mbeya.

Basi, siku moja ndege ndogo ikatua Mbeya. Akashuka bwana mmoja mrefu kutoka Afrika Kusini, pamoja na mwenzake. Bwana huyo hakuwa na pasipoti. Alikuwa ametoka kwao kwa siri, maana huko serikali ya makaburu ilikuwa inamtafuta. Jina lake Nelson Mandela.

Wakaenda hotelini. Walikuwa wanamngoja John Mwakangale, mbunge na kiongozi wa TANU wa upande wetu huu. Wakaona watu barazani, weusi kwa weupe, wamekaa pamoja wanazungumza. Kwao Afrika Kusini jambo kama hilo lilikuwa haliruhusiwi. Mandela alikuwa hajapata kuliona katika hoteli yoyote.

Mara Mwafrika mmoja, naye mgeni pale pale hotelini, akamwendea mama wa Kizungu aliyekuwa mapokezi. Akamwuliza kama Bwana Mwakangale hakufika kuwaulizia wageni hawa wawili. Yule mama akaomba radhi. Kweli alifika, lakini yeye alisahau kuwaambia. Mwafrika yule akamwambia, kwa adabu lakini bila mchezo, kwamba awe mwangalifu. Watu hawa ni wageni wetu, na inafaa waangaliwe vizuri.

Basi, ndiyo hayo tu. Hakuna bunduki. Hakuna hotuba wala bendera. Lakini Mandela, mtu mzima wa miaka 43, mwanasheria, anasema katika kitabu chake cha maisha kwamba hapo ndipo alipojua kweli kuwa yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijiona ni mtu huru.

Kesho yake akafika Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere. Na hapo napo akaona jambo dogo, akaliweka kitabuni. Aliona kwamba mkubwa huyu wa nchi anaendesha mwenyewe gari lake, tena gari dogo la kawaida.

Ndugu zetu, mambo hayo mawili hayakuchukua hata nusu saa. Lakini yanatuambia uhuru ulikuwaje mwezi ule wa kwanza.

KOSA LETU SISI WALIMU

Sasa tuseme ukweli. Sisi tunaowafundisha tulichelewa kuvijua vitabu hivi.

Chuoni, tulipokuwa tunasomea ualimu, tulifundishwa habari za viongozi kwa tarehe. Fulani alizaliwa mwaka fulani. Alisoma mahali fulani. Alichaguliwa. Alikufa. Tulikariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Kwa hiyo tulidhani maisha ya viongozi ndivyo yalivyo, ni orodha ya tarehe. Nani atakesha na orodha ya tarehe?

Tulipokuja vijijini tukaja na mawazo hayo hayo. Katika sanduku la vitabu tulitia vijitabu vya mahindi, vya kahawa, vya malaria na vya ufugaji wa kuku. Hivyo ni vizuri, na bado vinatufaa. Lakini tulifikiri kwamba mkulima aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40 hana haja na kitabu kinene cha siasa. Tulidhani atachoka. Tulidhani hakimhusu.

Siku moja tulikwama hapa Tunduma. Malori yalikuwa yamejipanga kwenda mpakani, na usafiri wa kurudi Vwawa haupatikani. Mkobani tulikuwa na kitabu kimoja kinene tulichoazimwa na rafiki. Tukakifungua ili kupoteza muda tu. Ilipofika jioni tulikuwa tumekaa chini ya taa ya duka, bado tunasoma. Gari likaja, likaondoka. Hatukuliona.

Tukajiuliza: kumetokea nini? Kitabu ni cha siasa, na siasa tulikuwa tunaikimbia. Tukagundua kwamba tulishikwa na mambo madogo madogo. Mtu alivaa nini siku ya kukamatwa. Mke wake alisema nini. Ada ilipatikana wapi. Barua iliandikwa mara ngapi ikachanwa. Katika mambo hayo kiongozi si picha ya ukutani tena. Ni mtu. Na mtu tunaweza kumwelewa, kumpenda, au kumkatalia.

ADA YA KAUNDA

Basi tukafanya majaribio katika kituo kimoja cha kisomo cha Wilaya ya Mbozi. Tulichukua maisha ya jirani yetu, Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Kitabu chake alikitoa mwaka 1962, miaka miwili kabla ya nchi yake kupata uhuru. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Sisi tulikisoma, halafu jioni tukawa tunawasimulia wanakisomo kwa Kiswahili, kidogo kidogo.

Ninyi watu wa Tunduma njia mnaijua. Ukivuka hapo ukaingia Nakonde, ukaishika barabara kuu, ukaipita Isoka, unafika Chinsali. Huko ndiko alikozaliwa Kaunda mwaka 1924. Baba yake alikuwa mwalimu wa misheni aliyetoka Nyasaland, yaani Malawi ya sasa. Mtoto alipokuwa na miaka minane, baba akafa. Mama akabaki na watoto.

Siku ya kuanza shule, mtoto akaambiwa alete ada, shilingi mbili na nusu. Akakimbia nyumbani analia. Mama hana fedha ndani. Jirani mmoja mwema ndiye aliyewakopesha.

Tulipofika hapo, mama mmoja darasani akaweka kalamu chini. Akasema, "Kumbe na yeye alikosa ada!" Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na huyo jirani, kitabu kinamtaja jina?" Darasa zima likacheka. Lakini swali lake lilikuwa kubwa, na tutalirudia.

Tukaendelea. Kaunda alipokuwa mtu mzima, alizunguka vijijini kwa baiskeli kuwaamsha watu, na gitaa lake amelibeba. Hapo wazee wakafurahi sana. Baiskeli wanaijua. Njia za mchanga wanazijua. Mwaka 1955 akafungwa jela miezi miwili pamoja na mwenzake, Harry Nkumbula. Kosa lao lilikuwa nini? Walikutwa na maandishi yaliyopigwa marufuku na serikali ya kikoloni.

Hapo darasa likatulia. Mzee mmoja akasema polepole, "Kwa hiyo watu wamefungwa kwa sababu ya karatasi. Na sisi tunaona uvivu kufungua daftari."

Hatukuwa na haja ya kuongeza mahubiri yoyote.

MWAMBA NGOMA

Lakini sasa tuseme upande wa pili. Vitabu vya maisha ni vya namna mbili. Kuna wasifu, yaani maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Na kuna tawasifu, yaani mtu anaandika maisha yake mwenyewe. Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayejiandika mwenyewe lazima atavutia ngozi upande wake. Msomaji awe macho.

Tuchukue mfano wa zamani. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, aliyekufa Unguja mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka 1867 alipigana na mtawala Nsama katika nchi ya Itawa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru. Si mbali sana na kwetu. Katika kitabu chake anahesabu pembe za ndovu kwa frasila. Lakini waliozibeba pembe hizo, wengi hatuambiwi hata majina yao. Anayesoma kwa makini anayaona yote mawili: yaliyohesabiwa na yasiyohesabiwa.

Tuchukue mfano wa karibu. Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wetu wa pili, alitoa kitabu chake mwaka 2021. Kinaitwa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu. Kimeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hapo hamna haja ya sisi kuwatafsiria. Mzee Mwinyi alizaliwa mwaka 1925 Mkuranga, akapelekwa Unguja akiwa mtoto, akawa mwalimu kama sisi. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Sababu ni kwamba raia walikuwa wamekufa mikononi mwa askari huko Mwanza na Shinyanga, katika msako wa mauaji ya watu waliodhaniwa wachawi. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Lakini alisema wizara ni yake, na mzigo ni wake. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, akawa Rais. Aliongoza mpaka mwaka 1995, akafariki mwaka 2024.

Ninyi wazee wa mpakani mnaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, siku za kutafuta sabuni, sukari na nguo kwa foleni. Mnakumbuka pia rukhsa ilipokuja, bidhaa zikajaa madukani. Kwa hiyo mnaposoma habari za wakati huo, ninyi si wageni. Ninyi ni mashahidi. Mnaweza kusema, "Hapa kitabu kimesema kweli," au, "Hapa pamepungua kitu."

Na kuna maisha ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 2020 walimu watatu wa Chuo Kikuu, Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji, walitoa vitabu vitatu juu ya mtu huyo mmoja. Vitatu! Kwa nini vingi hivyo? Kwa sababu hawakutaka kusifu tu. Walitafuta nyaraka, wakawahoji watu, wakalinganisha maneno ya huyu na ya yule. Wanamwonyesha mtoto wa Butiama, mwalimu wa Pugu aliyeacha kazi na mshahara mwaka 1955 ili aifanye kazi ya TANU. Lakini hawaruki mambo magumu. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini ya mwaka 1962 imo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 imo. Nayo wengi hapa mnaijua, maana wazazi wenu walihamishwa.

Kitabu chembamba kinatuambia Mwalimu alikuwa mtu mwema, basi. Kitabu kinene kinatupa ushahidi, halafu kinatuachia sisi tuamue. Ndiyo sababu tunasema kitabu kinene si cha wasomi peke yao. Mpiga kura anahitaji kujua jinsi mtu anavyopimwa. Anayezoea kumpima kiongozi wa kitabuni kwa matendo yake, madogo na makubwa, hatadanganywa kirahisi na kofia na fulana wakati wa kampeni.

MZEE WETU WA RELI

Tulisema tutalirudia swali la yule mama. Jirani aliyemkopesha mama Kaunda, jina lake nani?

Katika darasa lile alikuwapo mzee mmoja aliyefanya kazi ya kujenga reli ya TAZARA alipokuwa kijana. Reli ile ilianza kujengwa mwaka 1970, ikafika hapa Tunduma mwaka 1973, ikakabidhiwa kwa serikali zetu mbili mwaka 1976. Kila tulipozungumza juu ya Kaunda na Nyerere, mzee huyu alikuwa anatikisa kichwa. Siku moja akasema, "Walimu, vitabu vyenu vizuri. Vinasema wakubwa walitia sahihi. Lakini mbona havisemi sisi tulikula nini?"

Tukamwambia, "Mzee, wewe andika."

Akasema mkono wake mzito, lakini atajaribu. Mengine tutakuja nyumbani kwake atuambie, sisi tuandike. Tukakubaliana wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa msimu wa kuchuma kahawa. Tukasema tungoje mavuno yaishe. Mavuno yakaisha, tukaitwa kwenye semina. Tuliporudi tukakuta watu wamekaa nje ya nyumba yake kwenye majamvi. Tulikuwa tumechelewa siku mbili.

Mwanawe alitupa daftari la baba yake. Alikuwa ameandika nusu ukurasa, kwa herufi kubwa kubwa. Anasema alibeba mataruma. Anasema viatu vyake vya kwanza maishani alivipata kwenye reli. Aliporudi nyumbani kwa likizo, mama yake alivishika vile viatu, akavigeuza, akauliza kama kweli vinatoka kwa mtu aliye hai. Halafu ameanza sentensi nyingine: "Siku moja pale darajani". Ameishia hapo.

Ndugu zetu, tunaisoma nusu kurasa ile mara kwa mara. Hatutajua kamwe kilichotokea pale darajani. Hakuna wa kulaumiwa ila sisi. Tungeweza kwenda. Tulikuwa na kalamu. Hata simu ya kurekodi sauti tulikuwa nayo mfukoni.

Fikirini Mandela. Alipokuwa amefungwa kisiwa cha Robben, katikati ya miaka ya 1970, aliandika maisha yake kwa siri, usiku. Wenzake wakayanakili kwa herufi ndogo sana. Mmoja wao, Mac Maharaj, alipotoka mwaka 1976 akazitoa nakala hizo kwa kificho. Maandishi ya asili yalifukiwa bustanini. Askari jela wakayafukua. Adhabu yake ilikuwa nini? Mandela na wenzake walinyimwa ruhusa ya kujisomea kwa miaka minne. Wakubwa wa jela walijua kitu kinachomuuma mtu anayependa kusoma. Lakini kazi ile haikupotea, na mwaka 1994 kitabu kikatoka. Katika kitabu hicho ndimo ilimo ile hoteli ya Mbeya. Mandela asingeandika jambo lile dogo, sisi leo tusingelijua, ingawa lilitokea kwetu.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tusome pamoja. Kila kituo kichague kitabu kimoja cha maisha ya kiongozi. Anayesoma vizuri asome kwa sauti, kurasa tano kila jioni. Wengine wasikilize na kuuliza. Kitabu kinene ni kama shamba kubwa. Hulimi lote siku moja.

Pili, kila mtu awe na daftari. Kila siku aandike jambo moja dogo lililomshika. Si lazima tarehe. Aandike ada, baiskeli, au gari dogo. Pembeni aandike: jambo hili linanionyesha nini juu ya mtu huyu?

Tatu, tusiamini kitabu kimoja. Tukisoma aliyojiandikia mwenyewe, tutafute na yaliyoandikwa na wengine. Na tuwaulize wazee waliokuwapo.

Nne, tuandike maisha yetu. Tuanze na wazee, kabla ya msimu wa kahawa, siyo baada yake. Tusiwaulize tu walizaliwa mwaka gani. Tuwaulize walikula nini, walivaa nini, nani aliwakopesha, na waliogopa nini. Kisha tuwaulize jina la jirani, na tuliandike.

Kazi hiyo tutaianza Jumamosi ijayo, na safari hii hatungoji semina.



MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini Mandela alijiona huru hotelini Mbeya? Je, wewe umewahi kuona jambo dogo lililokuonyesha jambo kubwa? Lieleze.

2. "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake." Taja njia mbili za kujua kama mtu aliyeandika maisha yake amesema kweli.

3. Mzee Mwinyi alijiuzulu kwa makosa yaliyotendwa na watu waliokuwa chini yake. Je, alifanya vema? Toa sababu zako.

4. Ni mzee gani kijijini kwenu ambaye habari zake hazijaandikwa? Nani atakwenda kwake, na siku gani?